Kondo Lililong'ang'ania

Daktari Nasra alikipitisha kipimo mara nyingine juu ya tumbo la Sikujua, taratibu, kisha akakiinua.

"Mtoto mzima," alisema. "Ila kondo la nyuma limeng'ang'ania kwenye kovu la upasuaji wako wa zamani. Limezama ndani ya nyama ya kizazi. Ukishajifungua halitabanduka lenyewe."

Sikujua aliikodolea macho skrini, asione ila kiza na mawingu. "Na likivutwa?"

"Utatoka damu, dada, na huenda tusiweze kuizuia. Ndiyo maana nataka ukajifungulie hospitali kubwa, kabla uchungu haujaanza. Watamtoa mtoto, na kizazi watakitoa pamoja na kondo lake."

Sikujua aligeuza uso kuelekea mlangoni. Nje, kwenye benchi, mumewe alisikika akikohoa.

"Nina watatu nyumbani," alisema hatimaye. "Wakitoe. Mimi nirudi kwa wanangu." Machozi yalimtiririka, lakini sauti haikubadilika. "Daktari, naomba nilale hapa kidogo. Nyumbani sipati usingizi."

Nasra mwenyewe miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama, na foleni ilikuwa bado ndefu. Alizima taa, akamfunika khanga.

Baadaye mlango uligongwa. Mume akachungulia, uso umemchangamka.

"Ni wa kike au wa kiume?"

Daktari aliweka kidole mdomoni. Nyuma yake Sikujua alikuwa ameshalala fofofo, kinywa wazi, mikono yote miwili imelikumbatia tumbo.