Chini ya Daraja la Baba

Sheria ni sheria: mhandisi huishi chini ya daraja alilojenga mpaka afe yeye au lianguke lenyewe. Mama yake Nyamizi ule mtetemo wa magari juu ulimshinda, akarudi kwao na mtoto mgongoni. Baba akabaki kujipikia.

Leo Nyamizi, kidato cha sita kamaliza, amemjia na fomu ya chuo. Kiti kilikuwa kimoja, akaketi kitandani.

“Baba, uhandisi utanifaa kweli?”

Lori likapita juu. Baba akabandika kiganja kwenye nguzo ya daraja iliyopita katikati ya chumba, akasikiliza mpaka kukatulia.

“Ulikuwa unasemaje, mwanangu?”

Kabla hajajibu, likaja lori jingine. Lilipopita, Nyamizi akaona kiganja chake mwenyewe kiko kwenye nguzo, na swali limeshamtoka akilini.