Sentensi ya Kidoti

Mlinzi alikuwa amevaa kofia yake ya chuma tangu alfajiri, na wala hakukuwa na vita. Alisimama getini, mkuki mkononi, jasho likimchuruzika hadi kwenye ndevu, akikataa kuivua hata kwa kujikuna.

"Ikitoka nikiwa kichwa wazi, mtanicheka mpaka nihame," alisema.

Hakuna aliyembishia. Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa inatoka sehemu ya tano ya Safari ya Ngao, tena ile ya kuchezea mkononi, na mtaa mzima ulikuwa umepagawa. Kila mtu alikuwa amevalia kwa ajili hiyo. Fundi vyuma alikuwa amesugua upanga mmoja hadi paka akajiona ndani yake, akakimbia. Walikuwa wameusubiri mchezo huo miaka na mikaka, wakivumisha habari zake, wakizitia chumvi, hata wakinuniana kwa ajili yake.

Ugomvi mkubwa ulitokana na kionjo, kile kipande kifupi cha picha kilichotangulia kuonyeshwa. Ndani yake, kufumba na kufumbua, ulionekana mlango wa buluu ukifunguka. Mama Duka, aliyeuza dawa, kamba na mienge barazani kwake, aliapa kuwa ule ni mlango wake. Kweli wa kwake ulikuwa wa buluu, lakini Mlinzi alimwambia kuwa rangi hiyo haikuumbwa kwa ajili ya nyumba yake peke yake.

Mama Duka hakujali kuchekwa. Nyuma ya mlango ule alikuwepo binti yake, Kidoti, ambaye sehemu zote nne zilizotangulia zilimpita hivi hivi. Kila sehemu ilipotoka, mama aliporudi ndani jioni alimkuta mtoto ameegemea mlango uliofungwa, ametega sikio, akihesabia kwa vidole nyayo za wageni zilizopita bila kusimama. Watoto hawakuwa na nafasi. Safari hii walikuwa nayo, na Kidoti alikuwa amepewa sentensi ya kusema. Moja tu: "Karibu mgeni, chukua taa hii, njia ya pangoni ina giza."

Ukikosea, huitwi tena. Hilo kila mtu alilijua. Katika sehemu ya tatu muuza samaki aliingiwa na kiherehere, akanasa ukutani, miguu huku kichwa kule. Sehemu ya nne hakuonekana, na kibanda chake akapewa muuza maua.

Kwa hiyo tangu kulipokucha mama na mwana walikuwa kwenye mazoezi. Kidoti aliinua taa, akavuta pumzi, akatabasamu.

"Karibu mgeni, umekula?"

Mama Duka alijifunika uso kwa aproni. "Si umekula, mwanangu. Taa. Iko mkononi mwako, iangalie."

"Lakini wewe ukipata mgeni huwa unamuuliza hivyo."

"Wangu wanatoka hapo kwa jirani. Huyu anakwenda pangoni."

"Sasa ataendaje pangoni na njaa?"

Fundi vyuma, aliyekuwa mjomba wa mtoto, alisema kutoka dirishani kwamba mpwa wake ana hoja. Dada yake akamkata jicho, naye akarudi kwenye upanga wake. Fundi hakuwa na wasiwasi. Sentensi yake, ya kuonya kwamba chuma bado kina moto, alikuwa nayo tangu sehemu ya kwanza na aliisema hata akiwa bafuni. Mlinzi naye alijigamba kuwa ya kwake, ya mbwamwitu walioko nje ya geti, huisema usingizini, na mkewe ni shahidi, maana hulala na pamba masikioni.

Wakajaribu tena. Umekula. Wakajaribu kwa kuimba, na Kidoti aliimba vizuri kabisa hadi kwenye neno mgeni, akasita, akamtazama mama yake, akaangua kicheko. Mama alijitahidi kukunja uso. Hakuweza. Wakajikuta wote wawili wamekaa sakafuni wanafuta machozi, na taa imebingirika hadi chini ya kitanda.

Ndipo muziki ukaanza.

Ulikuwa ule ule wa zamani, ila safari hii ulikuwa na ngoma zaidi, na Mama Duka alihisi vinyweleo vikimsimama. Akaichomoa taa uvunguni, akambusu mtoto kwenye paji la uso, akakimbilia nyuma ya meza yake ya biashara. Mtaani kote kila mtu akawa mahali pake, mgongo wima.

Akamsikia Mlinzi akiwataja mbwamwitu wake kwa sauti ya kupasua anga. Akamsikia kaka yake akionya kuhusu moto. Kisha nyayo zikaja, zikaipita meza yake bila kusimama, zikaenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa buluu, nao ukafunguka.

Mgeni alisimama kizingitini na ngao mpya, hasemi kitu. Katika Safari ya Ngao wageni hawasemi. Kidoti alimkodolea macho, taa mkononi. Kutoka mezani mama alichezesha midomo bila sauti: taa, taa, taa.

"Karibu mgeni," Kidoti akasema. Akaiinua taa. "Umekula?"

Mama Duka akafumba macho. Mgeni hakusogea. Mtaa mzima uliganda, na hata muziki ulisikika ukirudia pale pale, ukisubiri.

Kisha mbingu ikacheka. Huko juu, upande wa pili wa kioo, uso wa msichana, mpana kuliko mji mzima, uliinama kutazama kwa karibu, na mtaa ukayumba kidogo kati ya viganja vyake.

"Mama," akaita, "haka katoto kananiuliza kama nimekula. Hivi jikoni kuna chochote?"