Fumbeni Macho

"Fumbeni macho," alisema Tatu, mwenye mchezo, alipomaliza kugawa kadi. Mezani chombo cha kadibodi kilikuwa kinaelekea sayari ya mbali, na kati ya wanaanga watano waliomo, Tatu na mama yake wakiwemo, wawili walikuwa wasaliti. "Wasaliti, fumbueni mjuane."

Badru hakuwa msaliti, ila alichungulia. Kupitia kope akamwona mkewe, Siwema, akitazamana na jirani yao Kheri. Alimtabasamia vile alivyokuwa akimtabasamia Badru enzi za uchumba.

Wivu ukamkaba, akajipoza: kadi tu ndizo zimewatazamanisha. Macho yalipofumbuliwa, akawashupalia.

"Wasaliti ni hawa wawili! Watupwe nje!"

"Jamani, baba Nasra, mbona unaniandama?" Siwema alicheka.

Kura zikapigwa, wakatupwa. Tatu akafunua kadi zao. Mwaminifu. Na ya pili, mwaminifu.

"Tumewala!" Tatu akamkumbatia mama yake, msaliti mwenzake.

Kheri alijikuna shingo. Siwema hakucheka tena.

"Haya, tucheze tena. Fumbeni macho."

Badru alikuwa wa kwanza kufumba, akazikaza kope mpaka machozi yakamtoka.