Kitenge cha Safari ya Goma

Ndege ilidondoka kama ndoo iliyokatika kamba. Nabintu, mhudumu pekee ndani yake, akagonga dari kwa kichwa, kisha akatua kwenye mapaja ya mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo. Ndiye yuleyule ambaye Nabintu alikuwa amemkumbusha mara tatu kufunga mkanda.

Kabla hajainuka, mama alikuwa ameshazungusha kitenge kiunoni mwao wote wawili na kukaza fundo, kama anavyofungwa mtoto mgongoni, ila huyu alikuwa mbele.

"Mama, tafadhali, niache! Niko na kazi!"

"Kazi gani? Ya kutoboa dari ya avion na kichwa? Kaa, mutoto. Nilibeba batoto saba na hii kitenge, hakuna hata moja alianguka."

Kitenge kilinuka moshi na samaki mkavu. Juu ya jicho la Nabintu nundu ilikuwa ikiota, kubwa kama yai. Nyuma yao watu walikuwa wakisali Salamu Maria; mzee mmoja alikatiza sala yake ili acheke vizuri, kisha akaendelea.

Hatimaye mawingu yakafunguka, ziwa likaonekana, ndege ikatulia. Rubani akasema kwenye spika kwamba wanashuka Goma, mhudumu akague mikanda ya abiria.

Nabintu akapeleka mkono kwenye fundo. Mkono wa mama ukaufunika wake. Ulikuwa baridi, umelowa jasho.

"Usifungue," mama akamnong'oneza sikioni. "Ni miye niko naogopa."