Ulimi wa Mzee Matonya

Mzee Matonya hakuwa na runinga, hakuwa na simu ya kisasa, na meno ya kuvunjia mfupa alikuwa hana tena. Maoni tu ndiyo hakupungukiwa nayo.

Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza kuandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa niaba ya wazee wenzake: mashine ya kusaga ya sola hatuitaki, wapewe majirani. Unga wa mashine hauna ladha.

"Baba, fumba macho," alisema binti yake, akimwekea sahani mbili za ugali wa uwele. "Mmoja unga niliosaga kwa jiwe, mmoja wa mashine ya mjini Kongwa. Haya, niambie."

"Unaujaribu ulimi huu?"

Alifumba macho. Akamega tonge la sahani ya kulia, akalimung'unya. Akamega la kushoto, akameza, akarudia.

"Hili la jiwe. Mkono wa mama yangu kabisa!"

"Hilo la mashine, Baba."

Alifumbua macho, akaonja tena huku na huku, polepole. Kisha akaishika mikono ya binti yake, akaigeuza, akazitazama sugu za viganjani.

"Hivi, kusaga huwa unaanza saa ngapi?"

"Jogoo la kwanza. Hujawahi kuuliza."

Aliichana barua, akaandika nyingine ya mistari mitatu. Gundi hakuwa nayo, akaifunga bahasha kwa kipande cha ugali, akaibana kwa dole gumba mpaka ikashika.

"Mpelekee mwenyekiti kabla mkutano wa kijiji haujaanza. Wazee nitawajibu mwenyewe."