Mlio wa Nyuma, Upande wa Kushoto

"Hailii!" Harith alipiga kelele kutoka chini ya Landrova. "Mzee Mwaringa, naapa, gari hili halina mlio wowote."

"Kwako halina," akajibu Mzee Mwaringa. "Kwangu lina."

Mzee alikuwa amekaa juu ya injini kuukuu ya gari hilohilo, iliyolazwa kwenye tairi pembeni mwa karakana, mikono magotini, kama mtu anayelinda mgonjwa wake. Harith alipomwona vile alitamani kulia.

Yeye ndiye aliyemshawishi mzee kuing'oa. Landrova yenyewe ilimzidi Harith umri. Injini yake ilinguruma hadi mbwa wa Garsen wakajificha, na ikifika kwenye kipande cha mchanga cha barabara ya kwenda kijiji cha Wema ilitambaa, kobe angeipita. Harith akaitia injini ya dizeli ya kisasa, iliyotoka kwenye pikapu ya Kijapani. Mafundi wenzake walimcheka wakisema amemvisha babu jezi ya mpira. Ilipowaka mara ya kwanza na kupaa kwenye ule mchanga, wakanyamaza.

Basi angeishia hapo. Lakini Harith hakutaka gari linalokwenda tu, alitaka gari lililotulia. Akabadilisha raba za injini akatia laini zaidi. Akasawazisha propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma. Eksosi akaifunga upya mara mbili. Sakafu ya dereva akaitandika zulia zito, na lile dirisha dogo nyuma ya kiti, lililokuwa likiingiza vumbi na makelele ya waliopanda nyuma, akaliziba kabisa. Mwishowe ungeweza kukaa pale mbele, gari likienda mbio, ukasikia saa ya mzee mkononi.

Na ndipo mzee akaanza kusikia mlio.

"Hebu nieleze tena," Harith alisema akijifuta grisi.

"Ngo, ngo, ngo. Nyuma, upande wa kushoto. Tukishapita mchanga tu, inaanza. Nikikanyaga mafuta nijue ni nini, inazidi wazimu. Nikisimama Wema, kimya."

Harith alikuwa ameliendesha mpaka Wema na kurudi mara nne, peke yake. Kimya. Akalipakia magunia ya mchanga, asije akaambiwa ni uzito. Kimya vilevile. Amekaza kila bolti iliyokazika, na nyingine amezikaza hadi zikakatika. Usiku aliota anagonga.

"Na hao unaowapa lifti, hawausikii?"

Maana Mzee Mwaringa hakuwa mtu wa kumpita mwenzake barabarani. Kila siku ya mnada, akirudi kwake Wema, nyuma ya Landrova ilikuwa ya yeyote aliyechoka miguu. Hakutazama nani kapanda wala nani kashuka. Sadaka, alisema, haihesabiwi.

"Watasemaje, fundi? Nani atamlaumu aliyembeba bure? Lakini wanashuka wamenuna, hata ile ahsante inatoka kwa shida. Nadhani wananionea haya, mzee mzima na gari linalogonga." Akafikiri kidogo. "Na tena wamezidi. Zamani nilikuwa nafika Wema na watu wawili, watatu. Siku hizi nafika limejaa mpaka mlangoni."

"Si unaona? Watu wamelipenda."

"Labda." Mzee akainuka, akaipigapiga injini yake kuukuu begani, kama begani kwa rafiki. "Kesho ni mnada, mwanangu. Ikilia tena, nang'oa hiyo yako, narudisha hii."

Na nani angeing'oa? Harith huyohuyo, mchana kweupe, mafundi wote wa Garsen wamesimama kutazama. Kazi yote ile, na jina lake lote, kwa sababu ya ngo, ngo, ngo asiyoisikia! Alirusha spana ikagonga ukuta. Kisha akaenda kuiokota, maana spana namba kumi na nne alikuwa nayo moja tu.

Kesho yake akaamua: huu mlio ataufuata hukohuko unakoishi. Mzee alipoketi kwenye usukani, Harith akapanda nyuma pamoja na watu wa lifti. Akalala kifudifudi upande wa kushoto, sikio kwenye sakafu, tochi mkononi. Watu wakamruka na makapu yao.

"Waumwa, mwanangu?" akauliza mama mmoja, Nyevu, mkulima, aliyekuwa amekaa karibu yake na jembe mapajani.

"Hapana, mama. Nasikiliza."

"Haya. Sikiliza."

Landrova ikaondoka Garsen laini. Propela ikazunguka bila neno. Springi kimya, eksosi kimya. Wakaufikia mchanga, injini ikaukata na kuuacha nyuma, na Harith, pamoja na hasira zake zote, akajikuta anatabasamu sakafuni. Kazi nzuri, Wallahi, kazi nzuri!

Ngo! Ngo! Ngo!

Akaruka. Haukutoka chini. Ulitoka juu ya kichwa chake. Gari likaongeza mwendo, na mlio ukazidi wazimu, kama mzee alivyosema. Harith akainua uso.

Mama Nyevu alikuwa amesimama, ameshika bati kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaupiga ubavu wa gari kwa mpini wa jembe, kwa nguvu zake zote. Wanawake wawili nyuma yake walipiga kwa viganja.

"Mbona walala, mwanangu? Inuka utusaidie kugonga, shamba langu ndilo lile linaachwa! Zamani gari likitambaa mchangani tulikuwa twaruka wenyewe, lakini tangu huyo fundi alitie injini mpya, kila mnada twapelekwa Wema, twarudi kwa miguu."