Vioo vya Gari Jipya

Mwanafunzi aliingiza gari kinyumenyume kati ya mapipa mawili kwa mkupuo mmoja, akazima injini, akafungua mlango na kuruka nje kabla mwalimu wake hajamaliza kusema "vizuri". Hata wiki haijaisha tangu ashike usukani.

Breki, ndivyo wanafunzi walivyomwita kwa vile mguu wake haukubanduka kwenye breki ya mwalimu, alibaki ndani akitabasamu peke yake. Wanafunzi wake wote walikuwa hivyo. Hawana maswali, hawana porojo, wanashika somo upesi, na mtihani wanafaulu mapema kuliko wa mwalimu mwingine yeyote. Shule ile ya udereva ilipata wateja kwa sifa hiyo. Kipaji, alijiambia Breki. Wengine wamejaliwa sauti ya kuimba, yeye kajaliwa rivasi.

Kilichomnyima raha ni tumbo. Breki alikuwa na gesi, tena si ile ya kusingizia chakula cha jana. Ilianza asubuhi na kumsindikiza hadi jioni, somo baada ya somo. Alizoea kuiachia kidogokidogo kwenye kona, injini inaponguruma, kisha anakodolea macho alama za barabarani kama ndiyo kwanza anaziona. Aliamini hakuna aliyewahi kugundua. Na bahati nzuri wanafunzi walipenda kuendesha vioo vikiwa chini, hata mvua ikinyesha. Vijana wa siku hizi na upepo, alidhani.

Sasa mwenye shule, mama mmoja mkimya asiyetupa maneno ovyo, akanunua gari jipya lenye kiyoyozi. Akatangaza kwamba atapewa mwalimu ambaye wanafunzi wake watafaulu upesi zaidi katika mtihani ujao. Walimu wote wakamtazama Breki. Breki akatazama vioo.

Gari la kiyoyozi hufungwa vioo. Mle ndani hakuna upepo wa kumsitiri mtu. Alilitamani sana gari lile, lakini kila alipojiona ndani yake aliiona na aibu imekaa kiti cha pembeni, imefunga mkanda. Alipomweleza mkewe, mke alicheka hadi akafuta machozi. Akasema yeye kalala naye godoro moja miaka yote hiyo na yuko hai, hao wanafunzi ni nani wafe?

Mmoja wa wanafunzi wapya alikuwa muuguzi. Breki akamwambia ana shemeji yake, maskini, tumbo linamjaa hewa. Muuguzi hakugeuza shingo. Alieleza kwamba gesi kila mtu anayo, ila huyo shemeji aloweke maharage usiku kucha na kumwaga maji yale kabla ya kupika, apunguze kabichi na vitunguu, aache soda, ajaribu kukaa bila maziwa aone kama kuna nafuu. Tena asile kwa pupa, maana anameza hewa pamoja na tonge. Akishakula atembee kidogo.

"Na shemeji yako aanze leo," alisema, akashusha kioo chake mpaka mwisho.

Breki akaanza. Yeye aliyekuwa akimaliza bakuli la maharage kabla mkewe hajakaa vizuri, sasa alitafuna taratibu kama anayeogopa jiwe kwenye wali. Soda alipishana nayo dukani kama mtu anayemdai. Kila baada ya chakula cha mchana alizunguka uwanja wa mazoezi, mikono nyuma, mithili ya mkaguzi aliyesahau alichotumwa kukagua. Wenzake walimcheka, na yeye mwenyewe akajicheka. Lakini tumbo lilitulia. Lilipunguza kelele, likapunguza harufu, mwisho likanyamaza kabisa. Breki alijisikia mtu mpya, na alifurahi kwelikweli.

Wanafunzi nao wakabadilika. Walianza kukaa. Walitaka kujua klachi inafanyaje kazi, wakamsimulia mambo ya ndoa zao, wakaegesha vibaya na kuomba kurudia. Vioo walivipandisha wenyewe. Somo likiisha, hakuna anayeshuka. Muuguzi, ambaye alibakiza mtihani tu, aliomba auahirishe, eti mle garini anapumzisha akili. Siku ya mtihani ilipofika, wanafunzi wa Breki waliojitokeza walikuwa wachache, na wengi wao waliyagonga mapipa. Hata mwalimu mwenzake anayesinzia kazini alimpita.

Mwenye shule akamwita ofisini. Breki alijua yamekwisha. Njiani alijisuta vizuri: umejinyima kabichi, umejinyima soda, umezungushwa uwanjani kama punda, na gari unalikosa, pengine na kazi. Si afadhali ungeshiba tu, mzee?

Alimkuta mama yule peke yake, ufunguo wa gari jipya uko mezani. Alimwuliza Breki kama anaumwa. Haumwi. Kama kuna matatizo nyumbani. Hakuna.

"Nimezungumza na wanafunzi wako, wa zamani na wa sasa," alisema. "Muuguzi ameniambia habari za shemeji yako. Anaendeleaje?"

Breki alitazama sakafu, uso unamwaka kwa haya. "Amepona, mama."

"Ndiyo shida yenyewe."

Mama aliinama, akatoa chini ya meza bakuli kubwa lenye mfuniko na chupa ya soda baridi, akaviweka mbele yake.

"Ni maharage, hayakulowekwa," alisema, akamsogezea ufunguo. "Na vioo vya gari jipya nimemwambia fundi avikaze, visishuke kabisa."